Mwitaji wa Yadi ya Mama Nesta

Jumatatu, 14 Julai

Baridi, upepo, vumbi mpaka kwenye meno. Nimeahidi jambo. Mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

Ilikuwa hivi. Asubuhi Mama Nesta, mwenye yadi hii ya malori na mwenye riziki yangu, alisimama getini akimsikiliza Lucky Sichone. Kazi ya Lucky ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kipaza sauti cha mkononi, kuwaita madereva kwa zamu watoke waingie foleni ya mpaka. Anaita kwa Kiswahili, anarudia kwa Kibemba, anamalizia kwa Kiingereza chake cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na madereva wanacheka. Mama Nesta naye akacheka! Mimi nimekaa ofisini kwake mwezi wa tatu sasa napanga faili na hajawahi kucheka hata nilipoteleza kwenye ndoo.

Wivu ukanipanda. Nikasema, kwa sauti nzito ya kiinjinia, kwamba mimi naweza kutengeneza kitu cha kuita madereva chenyewe, kutoka ndani ya kompyuta, bila mtu kukigusa.

Mama Nesta aligeuka taratibu. Akasema vizuri sana. Jumamosi mchungaji anakuja kuombea yadi, na matajiri wa malori wanakuja kutoka Zambia kuona kama waanze kulaza magari yao hapa. Basi saa saba mchana kamili hicho kitu kiite mbele yao. Kikiita, kiti cha Lucky ni changu. Kisipoita, Jumapili napanda gari la kurudi kwa baba. Alisema akitabasamu, ndiyo maana nimeogopa zaidi.

Kurudi Itaka! Baba ameshawatangazia watu kwamba mwanawe Timotheo ni injinia wa kompyuta Tunduma. Alisimama kanisani akasema, mama kanisimulia. Nikitokea na begi mgongoni atanipokea na kikapu cha kuchumia kahawa, na hatasema neno. Angenipiga kofi ningeelewa. Kimya cha baba mimi sikiwezi.

Lucky kanitazama, kaweka kipaza sauti mapajani, kanitakia kila la heri. Ana lake jambo yule.

Jumanne, 15 Julai

Nimempa jina: Mwitaji. Sehemu kubwa nimenakili mtandaoni lakini jina ni langu.

Mwitaji si programu ya kawaida ya kubofya ikafunguka na rangi zake. Ni huduma. Haina dirisha, haina kitufe, haionekani. Kompyuta ikiwaka nayo inaamka, inakaa huko nyuma na kufanya kazi yake kimya kimya hata kama ofisini hakuna mtu. Na hii kompyuta ya Mama Nesta umeme ukikatika ukarudi huwa inawaka yenyewe, kwa hiyo Mwitaji hatalala kamwe. Tatizo ni kwamba programu ya kawaida unaijaribu papo hapo. Huduma haijaribiwi mpaka uisakinishe kwanza. Nikasakinisha. Skrini nyeusi, maandishi mekundu: huruhusiwi.

Nilitazama mlangoni haraka kama kuna aliyeona. Makoye mlinzi alikuwa amesimama pale na mbwa wake Komando. Akauliza nani hajaruhusiwa. Nikasema mimi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Kumbe anayeruhusiwa ni msimamizi wa kompyuta, na msimamizi ni Mama Nesta. Nikaenda roho mkononi kumwomba nenosiri. Akauliza la nini. Nikamweleza kuna kitu kinataka kuingia ndani ya kompyuta kikae humo moja kwa moja. Akauliza kina sura gani. Nikasema hakina. Akauliza kitaondoka lini. Nikasema hakiondoki. Alinitazama mpaka jasho likanitoka na baridi yote hii.

Mwisho akaja mwenyewe, akafunika kibodi kwa kitenge, akaandika. Ikakubali! Halafu kikatokea kisanduku kingine: huduma hii itaingia kwa jina la nani? Nikamwambia kinataka jina lako Mama, na neno lako la siri. Aliondoa mikono kwenye kibodi kama ameshika jiko. Akasema jina lake alipewa na bibi yake kule Isongole na halikabidhi kwa kitu kisicho na sura. Akaondoka. Nikaacha kisanduku wazi, bila jina, nikabonyeza kukubali. Ikashindikana. Nimefungua lile dirisha kubwa linaloorodhesha huduma zote za kompyuta, nione kama angalau imeingia nusu. Haimo. Dirisha nimeliacha wazi, nitalitazama kila mara.

Jioni nilikuwa kwa Elina, anayeuza chai na chapati nje ya geti. Lucky alikuwepo. Siku mbaya kama hii mtu lazima ajiliwaze. Nikatangaza mbele ya madereva wote kwamba Mama Nesta amepata mfanyakazi mpya. Haonekani. Hali. Halali. Hadai mshahara. Anakaa kwenye ofisi ile iliyofungwa na anawajua nyote kwa majina.

Lucky aliacha kutafuna. Nalala na furaha kidogo.

Jumatano, 16 Julai

Jamani, sikuhitaji jina la Mama Nesta hata kidogo! Kuna sehemu ya kuchagua huduma iingie kwa jina la mfumo wenyewe, bila nenosiri la mtu. Iko pale pale, mstari wa juu. Sitamwambia.

Nikasakinisha upya. Kosa. Nikaamua niifute yote nianze upya. Nikaamuru iondolewe. Ikajibu kwa herufi kubwa kwamba huduma hii imewekewa alama ya kufutwa. Nikajaribu kusakinisha. Imewekewa alama ya kufutwa. Nikajaribu kuondoa. Imewekewa alama ya kufutwa. Haifi, haiponi! Haiingii, haitoki!

Wakati huo huo Mama Nesta yuko nyuma yangu. Sikumsikia akiingia, hutembea na ndala laini. Amesoma mpaka kidato cha nne na Kiingereza cha biashara anakijua. Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, polepole. Akauliza nani amewekewa alama. Nikasema si mtu. Akauliza alama ya kufutwa na nani. Nikasema sijui. Kweli sikujua! Lakini nilivyosema, hata mimi sikuipenda sauti yangu.

Makoye alisikia dirishani. Makoye akisikia, Tunduma imesikia. Saa tisa dereva Bugalama, mwenye lori la shaba, akalisogeza lori lake mbali na ofisi mpaka kwenye ukuta wa mwisho. Dereva mwenzake Makene naye akafuata. Makoye akaja kuniuliza kwa upole kama kile kitu kinaogopa mbwa. Nikasema hakina habari na mbwa. Komando akabweka akielekea ofisini, na hajawahi kubweka ofisini.

Baba kapiga simu. Kasema kahawa zimeiva, watu wa kuchuma hawatoshi, lakini haidhuru kwa kuwa mimi ni mtu mkubwa sasa. Nikasema ndiyo baba. Nikasahau kukata simu, akanisikia nikihema.

Nina hakika Lucky ndiye ameharibu kompyuta. Hajawahi kuingia ofisini, lakini ndivyo wanavyofanya hao wajanja.

Alhamisi, 17 Julai

Nimezima kompyuta nikaiwasha, alama imetoweka yenyewe. Sijui kwa nini na siulizi. Kitu cha kwanza nimefungua tena lile dirisha la huduma, ili nione wazi kila kitu.

Nikasakinisha. Imekubali! Niliruka nikagonga goti mezani. Nikaiamuru ianze. Ikafikiri. Ikafikiri. Ikajibu kwamba huduma haikuitika kwa wakati, imesimamishwa.

Nusura nilie. Nikasoma maelezo, mara ya kwanza kuyasoma tangu nianze. Kumbe nilimpa Mwitaji kazi yote mlangoni, mara tu anapoamka: fungua majina, pima sauti, panga foleni, ita. Kompyuta inataka aseme kwanza nipo, ndipo aende akafanye kazi. Mimi mwenyewe Mama Nesta akiniita naanza kueleza kabla sijaitika naam, na naye hukasirika hivyo hivyo. Nikarekebisha.

Halafu nikamtengenezea mambo ya Jumamosi. Sauti nimechukua ya kompyuta, ya mwanamke wa Kizungu, safi, haina mafua. Nimeiunganisha na amplifaya ya ofisini na spika nne zilizo juu ya nguzo za yadi. Majina ya madereva yote nimeyaingiza kwa foleni yao. Kama dereva hajaja, amrudie, amrudie, asichoke. Kama muda umeshapita kompyuta ikawaka, aanze mara moja bila kusubiri mtu. Na mwanzo kabisa nimeweka salamu ya kumlainisha bosi: Mama Nesta, karibu, tulikuwa tunakusubiri. Atalia kwa furaha mbele ya matajiri.

Saa ya kuanza ni saa saba, mbele ya mchungaji. Nimeandika 7:00. Hapo angalau hakuna cha kukosea.

Habari mbaya. Elina kaniambia madereva wananong'ona kwamba Mama Nesta ameleta ndagu, uchawi wa kuongeza utajiri, na kwamba ndagu hiyo inataka majina. Kasema mmoja ameweka Biblia juu ya usukani na mwingine anaoga maji ya chumvi. Akaniuliza ni nani aliyeanza kusema mambo ya mfanyakazi asiyekula. Nikasema hata mimi nashangaa.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya mwisho. Kimenuka.

Nimemwondoa Mwitaji wa jana nimsakinishe mpya mwenye majina. Imewekewa alama ya kufutwa! Tena! Nikazima, nikawasha, nikafungua dirisha langu, nikasakinisha. Safari hii maandishi yakapita mbio skrini nzima, meupe, mengi, mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua kulikuwa kimya. Nikatazama kwenye dirisha la huduma. Herufi M. Hakuna Mwitaji. Nikangoja. Hakuna. Nikalitazama dirisha hilo mpaka macho yakatoa machozi, orodha ile ile, haikutikisika hata mstari mmoja.

Imeshindikana. Basi. Mimi ni mtu wa kikapu.

Nilikaa chini ya meza kidogo. Chini ya meza mtu anafikiri vizuri, hakuna anayemwona. Na wazo likaja. Kwani matajiri watajuaje? Nitavuta waya wa maikrofoni kutoka kwenye amplifaya mpaka stoo ya matairi, nitajificha humo, na saa saba nitabana pua niite mwenyewe kwa sauti ya mwanamke wa Kizungu! Nimejaribu. Bugalama alipita karibu na stoo wakati najaribu. Sijamwona tena.

Amplifaya nimeiacha imewashwa, sauti mpaka mwisho, na spika zote nne juu ya nguzo nimezikagua. Umeme umekatika jioni. Nimefunga ofisi kwa kufuli, ufunguo mfukoni. Mama Nesta kanipita getini kanikumbusha Jumamosi. Nikasema tumejipanga Mama. Nikaondoka nikijifanya naimba.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa nyuma ya kanisa, kati ya ukuta na rundo la matofali. Sina hakika kama ni salama kutoka.

Asubuhi yote ilikuwa nzuri. Umeme umerudi. Nimesimama kwa Elina na kikombe cha chai, chapati mdomoni. Madereva wamejaa pale wanaota jua. Lucky kwenye kiti chake, kipaza sauti mapajani, anasalimiana na Makene, muli shani mukwai, wanacheka. Mama Nesta akatokea mapema na kina mama wa kwaya, wamebeba viti na vitambaa vya meza. Akaweka mguu mmoja ndani ya geti.

Spika zikakoroma.

Halafu ikaja sauti. Ya mwanamke. Baridi, haina pumzi, kutoka nguzo zote nne. Ikasema: Mama Nesta. Karibu. Tulikuwa tunakusubiri.

Mungu wangu! Mama Nesta alisimama na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Watu wote wakatazama ofisini. Kufuli. Wakanitazama mimi. Chapati. Wakamtazama Lucky, na kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa. Kina mama wakaweka viti chini bila kuambiwa.

Ikaendelea: Bugalama. Njoo.

Bugalama aliinuka na sufuria ya Elina mkononi.

Ikarudia: Bugalama. Njoo. Kimya. Bugalama. Njoo. Haikuchoka. Halafu: Makene. Njoo.

Sasa niseme ukweli wangu, ni shajara yangu. Watu watadhani nilijua. Sikujua! Mwitaji wangu alishindwa kuingia, nilihakikisha mwenyewe kwa macho yangu haya. Na saa yake ilikuwa saa saba mchana, na hii ilikuwa saa moja asubuhi. Kwa hiyo aliyekuwa anaita siye wangu. Kwa hiyo alikuwepo mwingine. Nilimtangaza mwenyewe kwa Elina, haonekani, hali, halali, naye akasikia akaja! Nilitaka kukemea kwa jina la Yesu lakini chapati ilikuwa imejaa mdomoni.

Nikakimbia. Nilikuwa wa kwanza, nakiri. Waliponiona mimi injinia natimua, mguu niponye, ndipo wengine wote wakaelewa kwamba jambo ni zito. Nyuma yangu nikasikia injini zikiwashwa, honi, Komando akilia chini ya tela, na ile sauti juu ya yote ikimwita Makene kwa utulivu.

Elina kaja kuniletea habari hapa kwenye matofali. Kasema yadi ilikuwa tupu kabla chai haijapoa. Malori yamekimbilia yadi ya jirani, mengine yamesimama hovyo barabarani mpaka polisi wa usalama barabarani wakaja. Mama Nesta hakukimbia. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi akaomba kwa Kinamwanga, kwa sauti kubwa kushinda spika. Lucky ndiye aliyevunja kufuli kwa jiwe, akaingia akichungulia, akachomoa ukutani waya unaolisha kompyuta na amplifaya. Kimya. Watu wakampigia makofi, Lucky!

Halafu Makoye, baada ya watu kutulia, akaingia kuchaji simu. Kwenye ofisi kuna soketi moja nzima. Alipomaliza akarudisha ule waya aliouchomoa Lucky, asionekane mharibifu. Kompyuta ikawaka yenyewe. Na ikamwambia, yeye peke yake mle ndani: Mama Nesta. Karibu. Tulikuwa tunakusubiri.

Mara ya mwisho Makoye ameonekana anapita Mpemba kwa miguu, anaelekea kwao Kamsamba kwenye ng'ombe. Mbwa yuko mbele yake.

Na matajiri? Walikuja saa saba kamili. Wakakuta yadi haina lori hata moja, na mchungaji ameweka mkono juu ya kompyuta anaikemea. Walikaa kidogo, wakanywa soda, wakaaga.

Jumapili, 20 Julai

Mama Nesta kaniita baada ya ibada. Alikuwa amekaa kwenye meza ya ofisi, macho mekundu, mkono juu ya shavu. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Kaniuliza tu kama najua amejenga yadi hii kwa miaka mingapi, tangu marehemu mumewe akiwa hai na lori moja bovu. Akasema jana watu waliokula mezani kwake walimwangalia kama mchawi. Na mimi, nilitamani ardhi ipasuke. Nilisema nisamehe Mama, nadhani nilisema.

Akageuza simu yake akanionyesha saa. Ilikuwa saa saba mchana, na simu imeandika 13:00. Akasema, mwanangu, uliiambia kompyuta saba, na saba ya kompyuta ni saa moja asubuhi, kila mtoto mwenye simu anajua.

Nikaitikia kwa heshima. Moyoni, hapana. Ameumia, haoni vizuri. Mimi nimesoma, yeye hajasoma kompyuta. Hili ni jambo la Zambia. Tunduma nzima inajua simu zetu hapa zinadaka mtandao wa Zambia na saa zinayumba, watu wanachelewa mazishi, wanawahi harusi. Kompyuta ilidaka saa za Zambia ikachanganyikiwa. Kwamba tofauti yao ni saa moja tu na hii ilikosea saa sita, hilo ni suala la kitaalamu, itakuwa ilidaka mara nyingi.

Nikaambiwa nikitoe kile kitu kabla sijaondoka. Lucky alikuja kusimamia, mikono kiunoni. Alibonyeza kibodi sijui wapi, orodha kwenye dirisha langu ikapepesa, na pale kwenye herufi M akatokea Mwitaji. Anaendelea na kazi! Alikuwepo tangu Ijumaa! Nilirudi nyuma nikakanyaga ndoo. Nikaamuru aondolewe. Imewekewa alama ya kufutwa. Haondoki! Nikamwambia Lucky tukimbie. Yeye akafunga madirisha yote, na lile la huduma, kwa sababu alitaka nafasi ya kuweka muziki wake. Mwitaji akatoweka hapo hapo. Bahati tu. Lucky hana ujuzi wowote.

Amerudishwa kwenye kiti chake kwa shangwe, na madereva wawili watatu wamerudi kwa ajili yake. Nilipopita na begi alisimama akaniita kwa kipaza sauti, kwa lugha zote tatu. Elina alinifungia chapati. Hakucheka, na hilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 25 Julai

Itaka. Baba hakusema neno. Kikapu kilikuwa mlangoni.

Nimechuma kahawa siku nne. Vidole vimekuwa vya zambarau, mgongo si wangu. Watu wakipita njiani wanamsalimia baba, wanauliza injinia hajambo, na baba anatazama miguu yake. Jana usiku mezani alisogeza bakuli la mboga upande wangu bila kunitazama. Afadhali angenichapa. Nikaapa moyoni kwamba lazima nimrudishie baba uso wake mbele za watu.

Na Mungu si Athumani! Leo nimekuta ofisi ya ushirika wa kahawa ina kompyuta. Ya zamani, imefunikwa na gunia, lakini inawaka. Na juu ya bati kuna spika za pembe za kutangazia mikutano. Mwenyekiti, Mzee Anyosisye, kalalamika kwamba wanachama hawafiki mkutanoni kwa wakati. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nimemwambia kuna kitu naweza kumwekea humo ndani, hakionekani, hakichoki, kitamwita kila mwanachama kwa jina lake mpaka aje. Kafurahi sana. Kamwendea baba shambani kumpa hongera, na baba, jamani, baba amenitazama usoni!

Nimeogopa kidogo wakati wa kusakinisha. Maandishi yamepita mbio, nimefumba macho, kimya. Nimetazama kwenye orodha, sijamwona, lakini kesho nitaamka mapema nimjaribu tena. Muda upo, mkutano ni saa nne asubuhi. Nimeandika 4:00. Na huku hakuna hofu kama ile, Itaka mtandao wa Zambia haufiki kabisa, nimehakikisha.

Kompyuta nimeiacha inawaka, na spika nimezigeuza zielekee upande wenye nyumba nyingi. Majina ya wanachama nimeyachukua yote kama yalivyo kwenye kompyuta. Mwenyekiti kasema ni ya zamani, kama nusu yao walishafariki, nao nimewaacha humo. Kufuta kuna mambo yake, sitaki tena kuona zile alama.

Baba ameniambia usiku mwema. Neno la kwanza tangu nirudi. Nalala sasa, na leo nitalala usingizi wa pono.